Somo: Kupiga, kusafisha na kuonyesha slaidi za rangi nyumbani

Slaidi ni picha iliyo kwenye filamu yenyewe: kipande chenye milimita 24 kwa 36 kilichopigwa na mwanga ndani ya kamera ndicho hichohicho utakachokiangaza ukutani. Hakuna fundi wa kuchapisha atakayerekebisha kosa lako baadaye. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo mawili: kipimo cha mwanga unapopiga, na joto la dawa ya kwanza unaposafisha filamu, yaani unapoitoa picha kwa dawa.

Hatua ya kwanza: kupiga. Anza na filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), kama vile Ektachrome E100 iliyorudishwa sokoni mwaka 2018. Filamu ya negativu, ile ya kuchapishia picha za karatasi, huvumilia mwanga ukizidi. Ya slaidi haivumilii, na palipozidi sana hubaki plastiki tupu. Mkanda wangu wa kwanza niliupigia Igombe, hapa Mwanza, saa saba mchana, dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, na nikapima mwanga kwenye kitenge cheusi cha mama aliyekuwa akiwageuza. Filamu ilipokauka, maua ya kitenge yalionekana moja moja, lakini dagaa wote walikuwa wametoweka. Tangu hapo ninapima sehemu angavu ninayotaka ionekane, na vivuli naviacha viwe vyeusi. Usipokuwa na kipimamwanga, jua likiwa kali weka tundu la lenzi f/16 na shata 1/125 ya sekunde. Hata hivyo, ningekushauri usubiri saa kumi na moja jioni, mwanga unapoyapiga mawe ya Bismarck, yale yaliyo ziwani, kwa ubavu.

Hatua ya pili: kusafisha. Utaratibu unaitwa E-6, na boksi la dawa za nyumbani kwa kawaida huwa na dawa tatu. Pakia filamu kwenye tangi ukiwa ndani ya mfuko wa giza, kisha weka tangi na chupa za dawa kwenye beseni la maji ya nyuzi 39 hivi hadi dawa yenyewe ifike 38. Dawa ya kwanza hukaa takriban dakika sita na nusu, kulingana na maelezo ya boksi lako, na ndiyo inayoamua kila kitu: ikizidi joto au muda, picha hupauka, ikipungua, huwa nzito na nyeusi. Ukishaisuuza, dawa ya rangi hujenga rangi pale ambapo mwanga haukufika, na ya tatu huondoa fedha yote iliyobaki. Vaa glavu, fungua madirisha, na vyombo hivyo visirudi jikoni kamwe.

Hatua ya tatu: kuonyesha. Kata filamu, weka kila picha kwenye fremu ya milimita 50 kwa 50, kisha itumbukize kwenye projekta kichwa chini. Kwa lenzi ya milimita 85, ukiwa mita nne kutoka kwenye shuka jeupe lililopigwa pasi, utapata picha yenye upana wa mita moja na nusu na ushee. Usiiache slaidi moja kwenye taa kwa muda mrefu, maana joto na mwanga hufifisha rangi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanyeje?
Marahaba. Tangi halipitishi mwanga na kazi haihitaji umeme. Maji ya moto ya akiba yakae kwenye chupa ya chai au juu ya jiko la mkaa.

Slaidi zangu zote ni nyeusi. Kosa ni la kamera au la dawa?
Tazama namba zilizowekwa na kiwanda pembezoni mwa filamu. Zikiwa angavu, dawa ilifanya kazi yake na wewe ulipiga kwa mwanga mdogo. Nazo zikiwa zimefifia, dawa ya kwanza ilipoa au umeiwahisha kuitoa.

Filamu imetoka kwenye maji ikiwa na ukungu kama maziwa. Imeharibika?
Hapana, ndugu yangu. Itundike mahali pasipo na vumbi. Ikikauka, ukungu huo huondoka.

Naishi Capri Point. Dawa iliyotumika niimwage wapi?
Isiende kwenye mfereji, kwa maana mifereji yetu inaishia ziwani, na dawa hiyo ina fedha iliyotoka kwenye filamu, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Itunze kwenye dumu lenye lebo, mbali na watoto, hadi upate wanaopokea taka za kemikali. Madumu yangu mawili yako stoo, yamefungwa.