Kuchunguza Udongo kwa Kigunduzi cha Pikseli

Anayetaka kupima kwa eksirei kaolini (udongo mweupe) ya Malangali, au udongo mwekundu wa mashamba ya Mbeya, huanzia kwenye kinu. Saga sampuli katika kinu cha agati mpaka chembe ziwe chini ya maikromita 10, kwa sababu kigunduzi cha pikseli, yaani bamba la vijicho vidogo vinavyohesabu fotoni za eksirei moja moja, hunasa sehemu kubwa ya pete za difraksheni (pete ambazo eksirei huzichora zinapotawanywa na fuwele) kwa mara moja, na pete hazimfichi msagaji mvivu: chembe zikiwa kubwa, pete hukatika zikawa vitone.

Kizingiti cha nishati, yaani kiwango ambacho fotoni iliyo chini yake haihesabiwi, kinahitaji uangalifu zaidi. Mirija mingi ya eksirei ya maabara hutumia shaba, ambayo fotoni zake za keV 8.04 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati) hukichochea chuma kilichomo katika udongo mwekundu kikatoa eksirei zake chenyewe, za keV 6.4, zinazotanda kama ukungu juu ya picha yote. Kizingiti kikiachwa kwenye nusu ya nishati ya shaba, yaani karibu keV 4, ukungu huo huhesabiwa wote. Kipandishe hadi karibu keV 7, kisha ongeza muda wa kupima, kwa kuwa utapoteza fotoni ambazo nishati yake imegawanyika baina ya pikseli jirani. Tumia pia jedwali la ulinganisho wa pikseli, linalosawazisha tofauti za usikivu wao, la kizingiti hicho kipya, si la zamani.

Pikseli ya maikromita 172 iliyo umbali wa milimita 200 kutoka kwenye sampuli hufunika takriban nyuzi 0.05, ya maikromita 75 hufunika 0.02. Hata hivyo, mwali wa eksirei wenye upana wa nusu milimita utazitanua pete vilevile, na fedha iliyonunua pikseli ndogo itakuwa imepotea bure.

Piga picha ya unga wa silikoni, ambao pete yake ya kwanza iko nyuzi 28.44, upate umbali halisi, kitovu na mwinamo wa kigunduzi. Ziba mapengo ya kigunduzi, pamoja na pikseli zilizokufa, yasihesabiwe.

Kabla ya kuzigeuza pete kuwa mchoro wa mstari, zitazame. Vibamba vya kaolini hupenda kulala upande mmoja, na pete yake ya nyuzi 12.4 ikiwa nzito mahali pamoja na hafifu kwingine, usiamini kiasi chochote utakachokokotoa humo. Jaza sampuli upya bila kuishindilia, uizungushe wakati wa kupima, ndipo ulinganishe pete hiyo na ile ya kwatzi (madini ya mchanga) ya nyuzi 26.6.