Kuchora mandhari ya Kiromantiki kwa sepia

Kabla ya kuhamia kwenye rangi za mafuta, mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich (1774–1840) alijijengea jina mjini Dresden kwa michoro ya sepia, yaani wino wa kahawia; mwaka 1805 miwili kati yake ilipata tuzo huko Weimar. Mbinu ni ileile hadi leo.

Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyembamba hujikunja ikilowa. Chora mistari kwa penseli ngumu (2H), bila kukandamiza. Weka upeo chini, kwenye theluthi ya mwisho: anga likitawala, mtu huonekana mdogo, na hapo ndipo ilipo roho ya Uromantiki, mtindo wa sanaa uliotukuza hisia na ukuu wa maumbile.

Changanya tone 1 la wino kwa matone 20 ya maji. Lowesha anga lote, kisha pitisha brashi pana kutoka juu, ukipunguza wino kadiri unavyoshuka. Mwezi haupakwi; ni karatasi iliyoachwa wazi. Subiri ikauke kabisa. Ukiharakisha tabaka la pili, maji hurudi nyuma na kuacha madoa yenye kingo zilizochongoka. Milima ya mbali hutosheka na matabaka 2. Miamba ya mbele 5 au 6. Wino mzito uje mwisho, kwani haufutiki.