Somo: Lini uiachie kamera fokasi, na lini uishike mwenyewe

Swali ambalo wanaoanza kupiga picha huniuliza mapema kuliko yote ni hili: je, niiache kamera ifokasi yenyewe, yaani ichague sehemu ya picha itakayokuwa kali, au nizungushe lenzi kwa mkono? Msimamo wangu ni kwamba anayeanza atumie fokasi ya otomatiki, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hawalizingatii: mahali pa kufokasi apachague yeye mwenyewe. Fokasi ya mkono aijifunze kwa ajili ya hali chache ambazo kamera haina namna ya kujua anataka nini. Sisemi hivyo kwa kuidharau. Mpiga picha za habari Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa ameshafanya kazi kwa fokasi ya mkono zaidi ya miaka 20 wakati Minolta ilipotoa Maxxum 7000 mwaka 1985, kamera iliyoifanya fokasi ya otomatiki kuwa jambo la kawaida kwa kamera za kubadilisha lenzi.

Hatua ya kwanza. Kando ya kijidirisha cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe huku ukitazama tarakimu zilizo ukingoni mwa kijidirisha, hadi zisomeke vizuri kwa jicho lako. Usipofanya hivyo, picha kali itaonekana yenye ukungu, nawe utairekebisha isiyohitaji kurekebishwa.

Hatua ya pili, na hapa naomba tutulie. Hakikisha swichi iliyo ubavuni mwa lenzi imeelekezwa AF, yaani fokasi ya otomatiki. Kama lenzi yako haina swichi, utaipata sehemu hiyo kwenye menyu. Kamera ikitoka dukani, mara nyingi huwa imeachiwa nukta zote za fokasi, yaani alama za mahali inapoweza kufokasi, na tabia yake ni kudaka kitu kilicho karibu zaidi. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja tu, kisha isogeze hadi ikae juu ya jicho la unayempiga, lile lililo karibu nawe. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, subiri nukta iwake au mlio usikike, halafu malizia kubonyeza.

Tuseme unampiga bibi aliyeketi mlangoni akichambua mchicha, nawe uko umbali wa mita 1 na lenzi ya mm 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8 (namba ya f huonyesha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa kamera nyingi za wanaoanza, eneo lenye ukali hapo lina unene wa sentimita 3 hivi. Nukta ikiangukia ncha ya pua, kope zitakuwa zimeshafifia, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Ukiibana lenzi hadi f/8, unene huo hufika takriban sentimita 12, na uso wote karibu utaingia. Ndiyo maana namshauri anayeanza asikimbilie f/1.8 kila mara kwa sababu tu lenzi yake inaifikia. Vilevile, ukishafokasi usisogee mbele wala nyuma. Hata kuinama kidogo kunatosha kukutoa nje ya zile sentimita 3.

Hatua ya tatu. Kwa kitu kilichotulia tumia fokasi inayojifunga, ambayo Canon huiita One Shot na Nikon huiita AF-S. Kwa kitu kinachotembea tumia inayofuata, yaani AI Servo au AF-C.

Hatua ya nne ni kuzijua hali zinazoipoteza kamera. Ili ifokasi, kamera hutafuta tofauti ya mwanga na giza. Ukielekeza nukta kwenye ukuta mweupe, kanzu isiyo na darizi au giza la usiku, lenzi itakwenda mbele na nyuma bila kupata pa kushika. Hali ya hatari zaidi ni ile ambayo kamera inafanikiwa, lakini mahali pasipotakiwa: kwenye chandarua, wavu wa uzio au kioo cha dirisha. Katika harusi moja mjini Tanga nilimpiga bibi harusi akiwa ndani ya shela yenye ushanga. Nukta niliiweka juu ya jicho lake, mlio ukasikika, nami nikapiga picha 11 bila kuikuza hata moja kwenye skrini. Nilipofika nyumbani nikakuta kila ushanga unahesabika na macho ya bibi harusi yako nyuma ya ukungu. Dakika ile haikurudi, na inaniuma mpaka leo.

Hatua ya tano: fokasi ya mkono kwa hali kama hiyo. Sogeza swichi hadi MF, yaani fokasi ya mkono, kabla ya kugusa pete ya lenzi inayozungushwa kufokasi, kwa sababu kuna lenzi ambazo mota yake huweza kuharibika pete ikilazimishwa ikiwa bado kwenye AF. Washa skrini ya nyuma, kuza sehemu ya jicho mara 5 au mara 10, kisha zungusha pete polepole mpaka jicho liwe kali, lipitilize hadi lianze kufifia tena, ndipo urudi nyuma kidogo. Kupitiliza huko ndiko kunakokuonyesha kilele kiko wapi. Ukimaliza, rudisha swichi kwenye AF, maana wengi husahau na kuharibu picha zote zinazofuata.

Kwa mazoezi, panga vikombe vitano mezani kwa mshazari, fokasi cha tatu kwa njia zote mbili kwenye f/1.8, au namba ndogo kuliko zote ambayo lenzi yako inafikia, halafu zikuze picha uzilinganishe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Natumia Nikon D3400, na nimenunua lenzi ya mtumba ya mm 50 isiyofokasi yenyewe kabisa. Nimeuziwa mbovu?*

Marahaba. Soma kwanza herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. Kama ni AF tu, si AF-S wala AF-P (hapa AF-S ni aina ya lenzi, si ile fokasi ya hatua ya tatu), lenzi hiyo hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3400 haina mota hiyo, kwa hiyo huenda lenzi ni nzima kabisa. Kama ina pete ya kubadilisha namba ya f, ifunge kwenye namba kubwa kuliko zote, kisha fokasi kwa mkono ukitazama kitone cha kijani ndani ya kijidirisha; kikitulia bila kupepesa, fokasi imekaa.

*Mwalimu, nikipiga watoto wakicheza mpira picha hufifia ingawa nimeweka AF-C. Tatizo ni fokasi?*

Ikuze picha utazame nyasi. Kama nyasi za nyuma ni kali na mtoto amefifia wote, nukta ilimkosa. Kama mwili ni mkali lakini miguu na mpira vimeacha mkia, kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ndiyo ndogo. Ipandishe hadi sekunde 1/500 au kasi zaidi, na ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa picha itakuwa na giza.

*Nina simu tu. Somo hili linanihusu?*

Linakuhusu. Gusa uso wa mtu kwenye skrini, na kwa simu nyingi ukishikilia kidole hapo fokasi itajifunga. Ukibadilisha umbali, gusa upya.