Kibofu kijae: somo kwa anayeanza mionzi ya saratani ya puru

Puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, imebanana na wenzake ndani ya nyonga. Mbele yake kuna kibofu; katikati, kwa mwanamke, mji wa mimba. Kwa juu utumbo mwembamba umeteremka, na huo ndio tunaouhofia zaidi: ukipata mionzi mingi utaharisha sana, na hata miaka kadhaa baadaye unaweza kuziba. Mashine inaweza kuelekeza miale, lakini haikujazii kibofu. Kazi hiyo ni yako.

1. Siku ya picha ya CT, yaani picha ya kupangia mionzi, lala vile utakavyolala siku zote za mionzi. Vituo vingine humlaza mgonjwa kifudifudi juu ya ubao wenye tundu, tumbo lizame humo na utumbo usogee mbele, mbali na puru. Utachorwa vidoti vya wino visivyofutika, vidogo kama ncha ya kalamu.

2. Kila siku, nenda haja kubwa kwanza.

3. Kojoa umalize. Tazama saa. Kunywa kipimo cha maji ulichopewa siku ya picha, kisha jizuie mpaka utoke kwenye meza ya mionzi. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya miale. Njoo na chupa ileile kila siku. Nasema ileile kwa sababu mpango wako ulichorwa kwa kibofu cha ukubwa ule, na utaufuata labda siku 5, labda 25 au 28.

Maswali ya wagonjwa na jamaa zao

*Foleni ikichelewa nikabanwa je?*
Mwambie mhudumu, usione haya. Kojoa, unywe upya, usubiri. Afadhali uchelewe nusu saa kuliko kupigwa mionzi kibofu kikiwa kitupu.

*Nimefunga Ramadhani.*
Maji haya ni sehemu ya tiba. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Zungumza na sheikh wako kabla hujaanza, usije ukayaacha kimyakimya.

*Mke wangu ana miaka 31, bado tunataka mtoto.*
Uliza leo, kabla ya mionzi ya kwanza. Kibofu hakikingi ovari: ziko ndani ya nyonga, na mionzi hii kwa kawaida huzizima. Daktari wa upasuaji anaweza kuzipandisha juu, lakini mji wa mimba unabaki palepale, na mionzi huudhuru. Kwa mwanamume, mbegu huhifadhiwa mapema. Mkiambiwa "tutaona baadaye", rudini mkaulize tena.