Somo: Joto la prosesa ya kompyuta ya mezani wakati wa kaskazi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Kila kaskazi ikikaza, kuanzia Disemba mpaka Machi, kompyuta zinazoletwa mezani kwangu zina lalamiko moja: "Fundi, mchana inakuwa nzito, usiku inakwenda vizuri." Wengi wameshaambiwa wanunue RAM au wapige Windows upya. Mara nyingi ni joto tu la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na dawa yake ni brashi, pesti (dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza) na saa moja ya utulivu.

Tuelewane jambo moja kabla hatujashika bisibisi. Feni haitengenezi baridi. Inalitoa joto kwenye kipoza joto, yaani chuma kilichokaa juu ya prosesa, na kulitupa katika hewa iliyopo, kwa hiyo prosesa haiwezi kushuka chini ya joto la chumba chako. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hesabu inaanzia hapo. Mtu akikwambia "yangu ina 78," muulize chumba kina ngapi, na mashine ilikuwa ikifanya kazi gani. Mimi naandika tofauti: 78 kwa chumba cha 32 ni 46. Mashine hiyohiyo wakati wa kusi, chumba kikiwa na 26, itasoma karibu 72, na haina ilichopona wala ilichougua.

Hatua ya 1: Pima. Weka HWiNFO au Core Temp, programu za kusoma joto la prosesa. Iache mashine dakika 10 bila kazi, andika namba. Kisha endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, dakika 10, uandike namba ya juu kabisa. Kwa vyumba vyetu, 40 hadi 50 ikiwa imetulia si tatizo, na 70 hadi 85 chini ya mzigo naiacha. Ikipita 90, tafuta sababu, lakini ujue prosesa yako ni ipi. Core i5-10400 kikomo chake ni 100. Ryzen 7600X na 7700X kikomo ni 95, na AMD wenyewe, wanaozitengeneza, wanasema kufika hapo kwa kazi nzito ni kawaida yao. Prosesa ikigusa kikomo hujipunguzia kasi ili ijiokoe, hapo ndipo unaposema "imekuwa nzito." Joto likizidi kupanda, mashine inajizima.

Hatua ya 2: Fungua na usafishe. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha sanduku kabla hujagusa kitu ndani.

Mwaka jana niliifungua mashine ya duka moja la vifaa vya skuli, Michenzani. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, ndiyo maana kila aliyeitazama alisema haina tatizo. Nilipoing'oa feni peke yake, chini yake mapezi ya chuma hayakuonekana. Palikuwa na blanketi la kijivu, limeshikana kama sufi ya mto wa zamani, na lina unyevu ukiligusa. Hili ndilo la visiwani kwetu: hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta maji, vumbi linagandana. Kupuliza kwa mdomo hakusaidii. Tumia brashi laini ya rangi, ikiwa kavu, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Na tafadhalini, msizipeleke kwa fundi pancha mkapulizie kwa kompresa yake. Upepo ule una maji ndani.

Hatua ya 3: Pesti. Kama mashine ina miaka mitatu minne na pesti haijaguswa, ibadilishe. Kwa mashine za AMD za soketi ya AM4 (aina ya kikalio ambacho prosesa yake ina miguu ya pini chini), iwashe kwanza dakika chache ili pesti ilainike, kisha zima, chomoa waya, zungusha kipoza joto taratibu huku na huku ndipo ukinyanyue. Mimi niliwahi kukivuta kikiwa baridi, prosesa ikang'oka nacho na miguu yake ikapinda. Nilikaa usiku mzima kuinyoosha mguu mmoja mmoja kwa wembe, na bado naumia nikikumbuka, maana mashine ilikuwa ya mtu.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka mpya katikati, kiasi cha punje ya mbaazi. Kipoza cha Intel chenye vigingi vinne kibanwe kwa mshazari, hiki kisha cha pembe ya pili, mpaka usikie kila kimoja kimelia. Rudisha waya wa feni ulipotoka.

Hatua ya 4: Mpe hewa. Nyuma ya sanduku acha walau shubiri moja. Usilifungie ndani ya kabati la meza, wala usiliweke chini ya dirisha linaloelekea baharini. Kisha pima upya kama hatua ya 1.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Wete:* Fundi, mlango wa duka uko wazi kutwa, na msimu wa karafuu tunaanika hapohapo mbele. Nisafishe kila baada ya muda gani?

Fungua kila mwezi utazame tu, miezi mitatu ya mwanzo. Vumbi lako litakwambia lenyewe. Ila usiingie kaskazi bila kusafisha.

*Mwanachama, Jambiani:* Nikiacha sanduku wazi na feni ya mezani ubavuni?

Kwa kupima, ndiyo. Namba ikishuka sana, shida ni hewa ya sanduku. Isiposhuka, shida iko kwenye pesti au vigingi. Lakini usiiache hivyo, kwa ulipo utaijaza chumvi.

*Mwanachama, Mwanakwerekwe:* Nimebadilisha pesti leo, nikiwasha tu inaruka 98 ndani ya sekunde chache.

Zima sasa hivi, yakhe. Kuruka haraka hivyo maana yake chuma hakijaigusa prosesa. Tazama kama ile plastiki nyembamba ya chini ya kipoza umeitoa, kisha geuza mazabodi, ile bodi kuu iliyobeba prosesa, uhakikishe vigingi vyote vinne vimetokeza nyuma.

*Mwanachama, Chake Chake:* Nahariri video za harusi kwa i7 ya zamani. Nimesafisha, pesti mpya, chumba 33, bado 94. Kipoza kikubwa sina uwezo nacho kwa sasa.

Dada yangu, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kishushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye i7 hizo inazima ile kasi ya ziada, na joto linashuka. Video itachelewa kidogo kutoka. Jaribu leo mchana, saa nane jua likiwa kali, uniandikie namba mbili: ya chumba na ya prosesa.