Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Msumeno Mkongwe wa Mkanda

Msumeno mkongwe wa Kiingereza, ambao mkanda wake wa chuma wenye meno huzunguka juu ya magurudumu mawili, mathalani Wadkin au Robinson wa magurudumu ya inchi 36, bado unaweza kupasua mbao za Mafinga miaka mingi ijayo. Rangi iliyobabuka na kutu juu ya meza visikutishe; msasa na mafuta ya taa vinatosha. Cha kuogopa ni ufa.

Anza na magurudumu. Kwangua grisi na rangi pale spoku zinapoungana na kitovu, kisha gonga kila spoku kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti butu. Ukikuta ufa, achana na mashine hiyo hata kama bei inavutia. Fundi wa kuchomelea atakuambia anaweza, lakini chuma cha kumimina hupasuka tena pembeni ya weldi kinapopoa, na gurudumu hilo litazunguka takriban mara 500 kwa dakika karibu na kichwa chako.

Halafu toa mkanda wa msumeno na ule wa mota, funga kijiti kwenye fremu kikaribie ukingo wa gurudumu, zungusha kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kubana, tazama kwanza raba iliyovishwa ukingoni, maana hiyo hubadilishwa. Chuma chenyewe kikiyumba, shafti imepinda au beringi zimekwisha. Mashine za zamani zaidi huwa na beringi za metali nyeupe (aloi laini inayomiminwa kuzunguka shafti) badala ya gololi: zikikosa mafuta, metali huyeyuka, na wanaojua kuimimina upya ni wachache.

Soma kibao cha mota. Mota ya Uingereza ya njia tatu, volti 415, hezi 50, inakubaliana na umeme wetu. Ya Marekani imepangiwa hezi 60. Hapa itapungua mwendo kwa moja ya sita, kwa hiyo puli ya mota iongezwe kipenyo kwa moja ya tano. Kama kibao kinasema volti 220 tu, usiiunganishe kwenye umeme wetu wa njia tatu wa volti 400, itaungua. Na huku kwetu nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi hupoza mota vibaya. Usichague mota inayotosha kwa shida.

Urefu wa mkanda: zidisha kwa mbili umbali kati ya vitovu, jumlisha kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Vitovu vikiachana sentimita 145 na gurudumu likiwa na 90, utapata kama sentimita 573. Pima gurudumu la juu likiwa limeshushwa kidogo kutoka mwisho wake, la sivyo mkanda ukivutika utakosa pa kukazia. Unene usizidi milimita 0.9 kwa gurudumu hilo; mnene zaidi hupasuka kwenye mizizi ya meno kwa kukunjwa mno. Misindano mibichi ina utomvu, hivyo chagua meno makubwa, matatu kwa inchi au pungufu.

Usafiri nao una yake. Uzito uko juu, kwa hiyo kona za mlima Kitonga, kwenye barabara ya kuja Iringa, zinaweza kuuangusha. Vua meza, ulaze msumeno kwa mgongo juu ya magogo, ufunge minyororo kwenye fremu. Kamwe usiunyanyue kwa gurudumu la juu.

Ukifika, vifuniko vya magurudumu vikiwa havipo, tengeneza kwa bati nene kabla ya kuuwasha. Mashine hizi nyingi hazina breki, na ukizima umeme mkanda huendelea kukata kwa muda.