Kupima loti za risasi ya .22 LR kwa shabaha ya mita 50 hadi 200

Risasi ya .22 LR (Long Rifle) ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1887, na hadi leo haimpi mtumiaji nafasi ya kuichezea. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ganda likishapigwa limekwisha kazi. Mwenye bunduki ya kaliba nyingine anaweza kubadili baruti na kichwa cha risasi mpaka mtutu wake uridhike. Mwenye .22 hana njia hiyo. Kazi yake ni kutafuta loti inayokubaliana na mtutu wake, kisha kuinunua kwa wingi kabla haijaisha dukani.

Loti ni risasi zilizotengenezwa kwa mfululizo mmoja na kupewa namba inayochapwa kwenye kila boksi. Maboksi mawili ya jina lilelile na bei ileile, yakiwa na namba tofauti, yanaweza kupiga tofauti kabisa katika bunduki moja. Loti inayong'ara kwenye bunduki ya jirani yako haikuhakikishii chochote kwenye yako. Risasi za SK na za Lapua hutoka Schönebeck, Ujerumani, na si ajabu loti ya SK ya bei nafuu ikaishinda ya Lapua katika mtutu fulani. Watengenezaji Lapua na Eley wana vituo ambako bunduki hufungwa kwenye jiriwa na loti nyingi zikapimwa kwa siku moja. Asiyeweza kufika huko atapima mwenyewe, na inawezekana, mradi awe na subira.

Anza na bunduki. Ikiwa inalegea mahali, utakuwa unapima ulegevu wake. Kaza skrubu za kitako kwa bisibisi yenye kipimo, kwa mkazo ule ule ulioandikwa na mtengenezaji, na uangalie pete za darubini pia. Rekebisha darubini mpaka alama ya kulengea isihame juu ya shabaha unaposogeza jicho pembeni. Kisha kagua mwanzo wa mtutu, mbele tu ya chemba: hapo hujikusanya pete ngumu ya kaboni na nta ambayo kitambaa kikavu hakiiondoi. Iloweshe kwa dawa ya kaboni dakika chache, uisugue kwa brashi kutoka upande wa chemba, halafu ukaushe. Baada ya hapo usisafishe tena mpaka upimaji umalizike.

Jaribio moja dogo husahaulika sana. Ingiza risasi chembani kama kawaida, kisha itoe taratibu bila kuipiga na uitazame kwenye mwanga. Alama ndogo za mifereji ya mtutu, zilizopangika sawasawa kuzunguka kichwa cha risasi, ni za kawaida kwa chemba za mashindano. Mkwaruzo wa upande mmoja, au risasi laini iliyomenyeka puani, ni kitu kingine: magazini au mlango wa chemba unaijeruhi kabla haijaondoka. Hapo lisha moja moja kwa mkono, la sivyo utailaumu loti bure.

Kasi ya kuchagua

Kwa masafa marefu, achana na risasi za kasi kubwa. Sauti husafiri mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0, na huongezeka takriban mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Risasi inayotoka kwa mita 380 huanza juu ya kasi ya sauti, kisha huivuka ikishuka, na katika kuvuka huko huyumba. Risasi za mashindano, zenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6), hutoka kwa takriban mita 320 hadi 330, yaani chini ya sauti tangu mdomoni mwa mtutu. Joto la Mombasa huziacha mbali zaidi na mpaka huo kuliko asubuhi ya baridi ya nyanda za juu. Eley huchapa kasi ya loti kwenye boksi kwa futi kwa sekunde. Gawanya kwa 3.28 upate mita.

Kilicho muhimu kuliko kasi yenyewe ni tofauti ya kasi kati ya risasi na risasi. Risasi mbili zikipishana mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 zitaachana wima kwa kama milimita 7. Kwenye mita 100 ni karibu sentimita 3, na kwenye mita 200 ni zaidi ya sentimita 10. Ndiyo maana loti inayovutia kwenye mita 50 inaweza kukuaibisha kwenye 200.

Hatua ya kwanza: mita 50

Chukua loti nne hadi sita, boksi moja la risasi 50 kwa kila loti, na la pili kwa ile utakayoanza nayo. Mgawanyo ni huu: risasi 20 za kuzoesha mtutu, kisha makundi matatu ya risasi 10. Zile 20 za mwanzo si hasara. Kila mtengenezaji hupaka risasi zake nta au grisi yake, na mtutu uliojaa nta ya mwingine hutawanya risasi mpaka upakwe upya. Kwa sababu hiyo maliza loti zote za kiwanda kimoja ndipo uhamie kingine. Wanaopiga tano za hii, tano za ile, kwa kuzungusha, hupima mchanganyiko wa nta.

Bunduki ikae juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma, na bega liguse kitako kwa nguvu ileile kila mara. Rekebisha darubini ili risasi zitue sentimita 3 au 4 pembeni ya alama unayoilenga. Zikitua juu yake zitaila, na kufikia risasi ya sita huna cha kulenga. Usiache risasi chembani ukisubiri upepo. Mtutu ukiwa moto, risasi hupata joto, kasi hupanda, nayo huenda juu. Ikikaa zaidi ya sekunde kumi hivi, ipige kwenye tuta la nyuma uweke nyingine. Maboksi nayo yakae kivulini.

Upepo ndio unaoharibu vipimo vingi. Upepo wa ubavu wa mita 1 kwa sekunde, ambao usoni hauuhisi vizuri, husogeza risasi kama nusu sentimita kwenye mita 50, sentimita 2 kwenye mita 100 na karibu 8 kwenye mita 200. Simamisha vijiti vyenye utepe mwepesi katika mita 10, 25 na 40, na upige tu tepe zote zikilala namna moja. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo za kupimia. Ukimaliza loti zote, rudia ile ya kwanza ukiwa na boksi la pili: ikiwa sasa inapiga tofauti sana, basi hali ya hewa au wewe mwenyewe ndiye uliyebadilika, na ulinganisho wako una walakini.

Kusoma karatasi

Tundu la karatasi huwa dogo kuliko risasi, kwa kuwa karatasi hunyumbuka na kujirudi. Kwa hiyo pima kwanza upana wa tundu moja lililojitenga, kisha pima kundi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na utoe upana huo. Kilichobaki ni umbali wa vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi.

Kwa nini risasi 10 badala ya 5? Kundi la tano hudanganya. Mtawanyiko ukiwa wa kawaida, ukubwa wa makundi ya risasi tano hupishana kwa takriban asilimia 27 kwa bahati tu, na ya risasi tatu kwa karibu 37. Ya risasi kumi hushuka hadi kama 19. Kumbuka pia kwamba kundi la kumi huwa kubwa kwa karibu robo kuliko la tano kutoka bunduki ileile, kwa hiyo usilinganishe la kwako na picha ya tano ya mtu. Kipimo bora zaidi ni wastani wa umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi, maana kinatumia matundu yote kumi. Programu za simu hukihesabu kutoka kwenye picha.

Risasi iliyotoroka kundi ihesabiwe. Unaruhusiwa kuiondoa tu ikiwa ulitamka kwamba umekosea kabla ya kutazama karatasi. Loti inayotorosha moja katika kila kumi ndiyo tabia yake, na kwenye mashindano itatorosha vilevile. Kipimo cha kulinganisha ni kitovu cha shabaha ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, mduara wa alama 10, wenye kipenyo cha milimita 10.4. Kwa bunduki nzuri, makundi matatu ya kumi yasiyozidi milimita 15 ni loti ya kupeleka mbele. Zaidi ya 20, iachie mazoezi.

Hatua ya pili: mita 100 na 200

Peleka loti mbili bora tu. Kwenye mita 100 piga kila moja makundi manne ya risasi 10, baada ya risasi 10 za kuzoesha, huku kronografu ikisoma kasi. Tumia ya rada inayokaa kando, kama LabRadar au Garmin Xero. Ile inayofungwa mtutuni hubadili mtetemo wa mtutu na kuhamisha kundi.

Usiamini mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, wa risasi kumi. Ukisoma mita 3 kwa sekunde, thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya 2 na 5.5. Kwa risasi 50 nafasi hiyo hubana hadi takriban 2.5 na 3.7, ndiyo maana kasi za makundi yote huunganishwa.

Sasa tazama umbo. Kundi likirefuka wima, linganisha na kasi: ikiwa risasi za juu ndizo zenye kasi na za chini ndizo za polepole, loti ina tatizo. Zikiwa zimechanganyika, kagua mifuko na bega lako. Likitanuka kwa upana, ni upepo. Matundu ya umbo la yai yanaonyesha risasi inafika imeinama. Tafuta mdomo wa mtutu uliojeruhiwa au uchafu. Mara nyingine loti yenye kasi zinazopishana hupiga wima mfupi kuliko hesabu inavyosema, kwa sababu mtetemo wa mtutu huzirusha zile za polepole juu kidogo. Hilo likitokea, fuata karatasi, lakini ujue linafanya kazi kwa masafa fulani tu. Hapo ndipo mita 200 inapoamua kati ya loti mbili.

Bunduki ikilia kwa sauti dhaifu, simama, toa risasi, upitishe ufito mtutuni kabla ya kupiga nyingine. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama. Isipolia kabisa, bunduki ibaki imeelekea tutani sekunde 30 ndipo ufungue bolti. Risasi hii ndogo huruka zaidi ya kilomita 1.5, kwa hiyo piga kwenye uwanja wenye kibali na tuta halisi. Nawa mikono kabla ya kula: vumbi la ledi, madini ya kichwa cha risasi, halionekani.

Loti ikishapatikana, piga simu dukani siku hiyohiyo utaje namba yake yote. Kasha la kiwandani hubeba risasi 5,000, ila nchini Kenya, kama Uingereza, cheti cha silaha hutaja idadi unayoruhusiwa kununua na kuwa nayo kwa wakati mmoja. Mwombe mwenye duka akuwekee zilizobaki. Mzigo ukifika, soma namba ya kila boksi kabla ya kusaini.